Mashine ya Kusaga Isiyosaga

Jumatatu, 2 Agosti 2004

Mke wangu Mektilda ameondoka! Alfajiri, kwa lori la mahindi, kwenda Liuli, kule ziwani, kwa mdogo wake Edina aliyejifungua. Atarudi Jumamosi ya tarehe 14. Siku kumi na mbili mimi ndiye mkuu wa nyumba hii, bila mpinzani.

Ameniachia maagizo marefu. Nichume kahawa. Nimwangalie binti yetu Jacqueline (atakuwa analala kwa Shangazi Walburga, lakini nimwangalie). Nimlishe nguruwe. Nisiguse cherehani.

Hasa cherehani. Kuna magauni sita meupe ya watoto wa Komunyo ya Kwanza, ameshayakata, bado kuyashona. Moja ni la Jacqueline. Komunyo ni Jumapili tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Mektilda akisharudi Jumamosi atakaa kwenye cherehani mpaka amalize, kwa hiyo ikae pale pale, ifunikwe kitambaa chake. Nikamjibu sawa mama, nenda salama, msalimie Edina.

Saa nne akaja Cuthbert. Huyu ni mchuuzi wa ziwani, hutupandishia dagaa na samaki aina ya mbasa waliokaushwa, akishuka anabeba mahindi. Safari hii alikuwa na kitu kingine mfukoni. Simu ya mkononi! Nyeusi, ina antena, ukiibonyeza inawaka kijani. Akasema Mbinga mjini mnara umeshasimama, na watu wenye akili wanauza dakika kama karanga. Nikapiga hesabu. Kijiji chetu kizima cha Lupembele hakuna simu hata moja. Miaka yote nimewaambia watu wa hapa: soko huria limefunguliwa, amkeni! Wananiangalia tu.

Cuthbert hakutaka ahadi. Fedha sikuwa nayo. Macho yake yakazunguka sebuleni, yakatua kwenye kitambaa.

Nimefikiri kwa makini sana, kama dakika tatu. Tumekubaliana hivi: anachukua cherehani, mimi nabaki na simu pamoja na vocha tatu. Haiuzi mpaka Ijumaa tarehe 13. Nikimpelekea thamani yake kabla ya siku hiyo, cherehani inarudi na simu inabaki yangu. Kwa wateja ninaowatarajia, Alhamisi ya wiki ijayo nitakuwa nimeshamaliza kazi. Mektilda hatajua lolote. Cuthbert anaipeleka ziwani, na Ziwa Nyasa ni refu sana.

Chini ya kitambaa nimeweka kinu, juu yake mto wa kulalia. Ukisimama mlangoni huwezi kutofautisha.

Jumanne, 3 Agosti

Simu haishiki mtandao.

Nimejaribu kitandani. Nimejaribu juu ya meza. Nimejaribu juu ya paa la banda la nguruwe, na sasa banda halina paa. Nimepanda mnara wa kengele pale kigangoni, katekista akanishusha kwa maneno makali ambayo sikutegemea kuyasikia kwa katekista.

Saa tisa, nimekata tamaa, ninakatiza shamba la Shangazi Walburga. Mteremko mzima ni ngolo, mashimo yetu ya mraba yaliyobanana kama sega la asali, kila shimo limezungukwa na tuta. Maharage yameshavunwa, mashimo yako wazi. Nimepanda tuta la shimo la tatu kutoka kwenye mibuni yake. Simu ikalia ti! Vijiti viwili vya mtandao! Hatua moja kushoto, hakuna. Hatua moja kulia, hakuna. Pale pale juu ya tuta, vijiti viwili.

Nikampigia Ignatio, binamu yangu wa Songea, ukiacha Cuthbert mwenye simu yake nyingine, mtu pekee ambaye nina namba yake. Nikapiga kelele nikamwambia niko shambani. Akauliza shamba gani. Nikaanza kumweleza. Vocha ya kwanza ikaisha kabla hatujafika kwenye habari za watoto.

Nilipogeuka, Shangazi alikuwa amesimama na kikapu cha kahawa kichwani. Nikasema shikamoo Shangazi. Akasema marahaba, akauliza nani amekufa, maana makelele yamesikika mpaka kule mtoni.

Jumatano, 4 Agosti

Mazungumzo rasmi na mwenye shamba. Shangazi Walburga ni dada yake marehemu baba, ana miaka sabini na mbili, na hajawahi kusema sentensi mbili pale ambapo moja inatosha. Ametoa masharti mawili. Hakuna mtu kubomoa tuta lake. Na hakuna mtu kusimama bure shambani kwake msimu wa kahawa: anayesubiri zamu ya simu anashika kikapu.

Nikakubali mara moja. Hainigharimu kitu!

Habari ilishaenea kijiji kizima. Watu wamekuja na vikaratasi vya namba vilivyokaa miaka ndani ya vitabu vya sala: mtoto aliyeko Dar, kaka aliyeko Mbeya, mdeni aliyeko Tunduru. Watu kumi na tisa! Nikatangaza bei kwa dakika. Nikahisi cherehani imeshafika nusu ya njia.

Kisha akaja Placidi. Placidi ana mashine ya kusaga, ndiyo pekee hapa kijijini, na amekuwa akinichukia tangu darasa la tatu, kwa sababu ambazo zote ni kosa lake. Akawaeleza watu kwamba mjini hakuna mjinga anayelipia dakika. Unapiga, ikiita mara moja unakata. Unamwachia mwenzako akupigie. Kule mjini wanaita kubip.

Wote kumi na tisa wakabip. Kisha wakakaa kusubiri kupigiwa, na waliposubiri wakachuma kahawa. Mchana kutwa simu yangu imelia, watu wamecheka, wamelia machozi, wamesalimiana na wajukuu. Mimi nimepata mayai mawili. Shangazi amepata vikapu kumi na vinne.

Ijumaa, 6 Agosti

Mtendaji wa kijiji, Bwana Isidori, ameniita ofisini. Biashara yoyote lazima iwe na kibali. Nikasema ndiyo maana nimekuja (hakunipa nafasi ya kuja mwenyewe). Nikamwomba kibali cha simu.

Isidori akafungua daftari. Orodha ina vitu sita: duka, bucha, mgahawa, kilabu cha pombe, ushonaji, mashine ya kusaga. Simu haimo. Isidori ni mtu wa sheria mpaka kwenye mifupa. Akasema kisichoandikwa hakipo. Nikauliza, kama hakipo, kibali cha nini? Akasema tatizo ni kwamba amekisikia kikilia.

Akaanza kuuliza maswali. Je, inauza nyama? Hapana. Watu wanalewa? Hapana, ingawa wanapiga kelele. Ina betri? Ndiyo. Inatoa mlio? Ndiyo. Watu wanapanga foleni, na vikapu? Ndiyo, na vikapu.

Akaandika: mashine ya kusaga. Akapiga muhuri. Ada imechukua fedha ya matumizi ya siku mbili na kuku mmoja. Sijali! Mimi ni mfanyabiashara mwenye kibali. Njia nzima nimerudi ninacheka peke yangu. Mashine ya kusaga!

Jumapili, 8 Agosti

Sicheki tena.

Baada ya Misa, kikao cha halmashauri ya kijiji. Placidi alisimama ameshika karatasi, amelipiga pasi shati lake. Akasema sheria ndogo za kijiji zinakataza mashine mbili za kusaga ndani ya kilomita moja, na kwamba kuna mtu amefungua ya pili kwenye ngolo za mama mzee, kwa kibali halali kabisa, na anaomba ifungwe.

Nikaruka. Nikaomba wajumbe wamwulize kama mashine yangu inasaga. Isidori akasema hoja si kama inasaga, hoja ni imeandikwa nini. Mjumbe mmoja akataka kuona unga. Mwingine akauliza kama nakoboa pia. Jamani! Nikaweka simu mezani waione. Wakaipitisha mkono kwa mkono, wakaigonga gonga, wakaisogeza masikioni. Mzee mmoja akasema kwa ukubwa huu haiwezi kusaga hata ulezi.

Mabishano yamechukua saa mbili. Mwishowe Isidori, kwa hekima yake, akachukua kalamu akaongeza neno kwenye kibali. Sasa kinasema: mashine ya kusaga isiyosaga. Kwa kuwa haisagi, umbali wa kilomita hauihusu. Kwa kuwa ni mashine ya kusaga, masharti mengine yote yanaihusu. Koti jeupe. Mizani. Sakafu iliyo bapa. Mwisho Jumanne, la sivyo inafungwa.

Nimeshinda! Placidi alitoka bila kuaga.

Jumatatu, 9 Agosti

Koti jeupe. Nikakumbuka sanduku la Mektilda, kuna mabaki ya kitambaa cha yale magauni. Kipande tu, hatakiona. Nikafungua.

Hakuna kitu. Si mabaki, si magauni. Magauni yote sita hayamo!

Mwizi kaingia nyumbani kwangu! Nikafikiri ni nani katika kijiji hiki anaweza kuiba nguo za watoto wa Komunyo ili aniangamize. Jibu lilikuja haraka.

Nikaenda moja kwa moja mashineni kwa Placidi, akina mama wamejaa na madebe yao, nikamwambia mbele yao wote ayarudishe. Alikuwa mweupe kwa unga kuanzia nyusi mpaka viatu. Akauliza yeye na magauni sita ya wasichana wa miaka kumi watafanya biashara gani. Akina mama wakacheka. Kisha akauliza swali baya: mwizi gani anachukua vitambaa anaacha cherehani?

Nikasema nimeacha chungu motoni.

Jioni Jacqueline alikuja kuniamkia, yuko na daftari lake la mafundisho. Akauliza eti gauni lake lina mikono mirefu au mifupi, maana wenzake wanataka kujua. Nikasema mirefu. Akaondoka anaruka ruka. Nimejisikia vibaya mpaka ugali umenishinda. Cherehani sina, magauni sina, na Jumapili haisogei mbele hata kwa kibali.

Koti nimetumia shuka.

Jumanne, 10 Agosti

Nimeamka na nguvu mpya. Sakafu bapa!

Shangazi alikwenda mtoni kumenya kahawa yake. Nikachukua jembe. Nimesawazisha matuta, nimefukia mashimo matatu, nikashindilia kwa miguu. Kazi safi! Pakawa uwanja mdogo, kama baraza. Nikaweka benchi, nikaweka mizani niliyoazima dukani, nikavaa shuka. Isidori akaja, akapima kwa hatua, akaegemea mizani, akasema ndani ya miaka yake ya utumishi hajaona mashine ya kusaga safi kama hii. Akapiga muhuri wa pili.

Nikawasha simu mbele yake.

Hakuna mtandao.

Nikapanda kwenye benchi. Hakuna. Nikaweka benchi juu ya mizani nikapanda. Hakuna, na mizani si ya kuazima tena, nimeinunua. Ndipo nikaelewa. Mtandao ulikuwa unakaa juu ya tuta. Tuta nimelisawazisha.

Na hapo hapo Shangazi akatokea kutoka mtoni.

Alitua kikapu chini taratibu. Afadhali angepiga kelele. Akazunguka ile baraza yangu, akaigusa kwa mguu. Kisha akasema ngolo hizi zilichimbwa na mama yake. Mvua za Desemba zikija, maji hayatakuwa na pa kukaa, yatakimbia hapo katikati, yatachukua udongo wake na wa kila mtu aliye chini yake mpaka mtoni. Sauti ilimkatika kidogo. Shangazi yangu! Sijawahi kuisikia ikikatika, hata msibani kwa baba.

Nikamgeukia Isidori, serikali inisaidie. Akafungua daftari, akatafuta, akasema kijiji hakina sheria ya kufukia ngolo, kwa sababu haijawahi kumpitikia mtu yeyote kufanya hivyo.

Shangazi akatoa hukumu yake. Mashimo matatu yachimbwe upya, kesho, na mimi. Nikamwambia kwa heshima zote: Shangazi, mwanamume analaza majani, mwanamke ndiye anachimba, inajulikana tangu zamani. Akasema hata mwanamume kutofukia inajulikana tangu zamani.

Jumatano, 11 Agosti

Nimechimba ngolo.

Kijiji kizima kimekuja kutazama. Placidi alifunga mashine, akaja na kigoda chake mwenyewe. Shimo la kwanza nilichimba la duara. Akina mama wakasema hilo ni kaburi la mbuzi, nifukue upya. La pili likawa mraba lakini tuta likabomoka, kwa sababu sikulaza majani vizuri, na kulaza majani ndiyo kazi ya wanaume. Hapo nilikosa hata pa kuficha uso. Mama mmoja alilia kwa kucheka mpaka akakaa chini. Shangazi alisimama juu ya mteremko na fimbo, akionyesha tu: hapa, pale, ongeza.

Saa kumi na moja nimemaliza. Mikono yote malengelenge. Matuta yamekuwa marefu kuliko ya mwanzo, maana niliogopa kukosea. Nikapanda juu kupumzika. Ti! Vijiti vitatu! Nilipiga ukelele wa furaha, watu wakapiga makofi, hata Shangazi nilimwona akifuta mdomo kwa khanga kuficha kitu.

Isidori amesema kibali kimesimamishwa kwa kukosa sakafu bapa.

Nimehesabu fedha yangu yote. Inatosha kununua sindano za cherehani. Cherehani yenyewe, hapana. Shangazi Walburga, kwa upande wake, amemaliza kuchuma kahawa yote, wa kwanza kijijini.

Ijumaa, 13 Agosti

Siku ya mwisho ya makubaliano. Nilipanda kwenye tuta asubuhi, betri imebaki kijiti kimoja ingawa huwa naizima simu kila usiku, nimpigie Cuthbert niombe aniongezee siku. Kabla sijabonyeza, simu ikalia yenyewe. Ni namba ya Cuthbert!

Nikaitika kwa sauti ya mtu mwenye fedha. Sauti iliyonijibu ilikuwa ya mwanamke.

Mektilda.

Akasema kuna kilima hapo Liuli, simu inashika, ameazima ya mtu. Akauliza nguruwe hajambo? Hajambo. Kahawa imechumwa? Nikasema kahawa imechumwa sana (sikusema ya nani). Jacqueline hajambo? Hajambo, anakusalimu.

Na cherehani?

Nikasema ipo! Imefunikwa kitambaa chake vizuri, haina hata vumbi, hapa ninapozungumza naiangalia.

Akasema hata yeye anaiangalia.

Hapo hapo betri ikafa. Namshukuru Mungu kwa kila jambo.

Nimetafakari mchana kutwa. Inawezekana alimaanisha anaiangalia kimawazo. Mtu akiwa mbali na nyumbani huwaza vitu vyake. Ndiyo, ni hivyo.

Jumamosi, 14 Agosti

Haikuwa kimawazo.

Lori limefika saa saba. Juu kabisa, kati ya magunia ya dagaa, cherehani yetu, imefungwa kamba. Nyuma yake Cuthbert ameishikilia kwa mikono miwili, uso wa mtu anayepelekwa mahakamani. Mbele, kando ya dereva, Mektilda, na mapajani kwake furushi jeupe.

Magauni! Hakuna aliyeyaiba. Aliyabeba mwenyewe aende akiyapinda pindo kwa mkono huku akimlea mtoto wa Edina. Siku ya nne akaenda kununua mbasa kwa Cuthbert. Akaikuta cherehani yake barazani. Hakuhitaji kuuliza: droo ya kushoto ilikuwa na rozari yake na picha ya harusi yetu. Cuthbert hakuwa anamjua, maana huku kwetu hufanya biashara na mimi tu. Mektilda akavuta kiti, akakaa, akashona magauni sita kwa siku tatu pale pale barazani, na Cuthbert, kwa maneno yake mwenyewe, aliogopa kumwambia ainuke.

Kisha akampeleka ofisi ya kijiji. Risiti ya cherehani, iliyokuwa kwenye droo ile ile, ina jina la Mektilda, aliinunua kwa kahawa yake. Wazee wa Liuli waliuliza swali moja tu: jina hili ni la nani? Kwa muda waliotumia, ugali ungekuwa bado haujaiva. Cherehani irudi kwa mwenyewe, simu irudi kwa Cuthbert. Hakuna orodha, hakuna mizani, hakuna koti.

Mektilda akaingia sebuleni. Akavuta kitambaa. Akakitazama kinu. Akautazama mto. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia kinu, na mimi nikacheka naye. Kisha akaacha. Mimi nilichelewa kuacha.

Hakutukana. Alisema tu kwamba kama asingeyabeba yale magauni, kesho angewaambia nini wale watoto sita, na mmoja wao wa kwake mwenyewe? Nikajibu sijui. Ndiyo jibu la kweli pekee nililotoa wiki mbili hizi.

Akanyoosha mkono, nikampa simu, akampa Cuthbert. Nimeamriwa pia kumwomba Placidi msamaha, mashineni, mbele ya akina mama wale wale.

Jumapili, 15 Agosti

Misa. Watoto sita wa nguo nyeupe, jua linapiga dirishani, kwaya imeimba mpaka ngozi inasisimka. Jacqueline alipopita alinitazama, akanyoosha mkono wake. Mikono ya gauni ni mifupi. Macho yake yalisema: baba ulisema mirefu. Nikatoa machozi. Sijali nani aliniona, ingawa Placidi aliniona.

Kwenye sherehe Shangazi Walburga alinipa sahani ya kwanza ya nyama, mbele ya wazee. Akasema kahawa yake haijawahi kwisha mapema hivi, na kwamba pamoja na yote mimi ni mtoto wa kaka yake.

Nimeapa mbele ya altare. Biashara basi! Nachuma kahawa yangu, nalisha nguruwe, namsaidia mke wangu.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimefikiri tena juu ya kile kiapo. Nilikuwa nawaza simu. Kwa hiyo ni kiapo cha simu.

Cuthbert hakushuka na simu yangu. Ameiuza hapa hapa, kwa Placidi, ameitia betri ya simu yake nyingine! Asubuhi nimemwona juu ya tuta langu, nililochimba kwa mikono hii, anapiga kelele kwa mtu wa Dar. Isidori amempa kibali: kilabu cha pombe kisicho na pombe. Watu wengine wanne wameagiza simu zao. Nilikuwa karibu kulia.

Kisha nikamsikia Placidi analalamika. Betri! Hapa umeme hakuna. Kila atakapotaka kuchaji ni kutembea mpaka Mbinga mjini, kwenda na kurudi siku nzima, na mashine yake imefungwa. Simu tano kijiji hiki, na hakuna hata mmoja aliyefikiria zitakula nini!

Mimi nina dainamo ya baiskeli, iko nzima. Kinachotakiwa ni kitu cha kuizungusha. Kitu chenye gurudumu zuri, kinachoendeshwa kwa mguu, mtu amekaa, hachoki. Nimekunywa chai yangu sebuleni, nawaza kitu hicho nitakitoa wapi. Nikainua macho.

Nimekimbia kwa Isidori kabla mtu mwingine hajaliwaza jambo hili. Safari hii hakuna ubishi wowote. Ushonaji umo kwenye orodha, namba tano! Muhuri umepigwa bila swali. Nilimwambia, ukifuata utaratibu tangu mwanzo, mambo yanakwenda.

Cherehani haitoki nyumbani, hilo ni muhimu. Hakuna anayeichukua. Natoa kichwa tu, naweka dainamo mahali pake, saa moja au mbili, na kukirudisha. Mektilda yuko kwenye sala za jumuiya, kisha atapita kwa Shangazi, hawezi kurudi kabla ya saa kumi. Sasa ni saa nane na robo. Kichwa kimeshikwa na skrubu nne tu. Tatu zimeshatoka. Ya nne imetoka pia, imeviringika chini ya kabati, nitaitafuta baadaye.